Kilo za samaki na bei yake kwenye chati moja: mstari wa bei umelala chini, nifanyeje?

Katibu_wa_Amu

Asalam aleikum nduza zangu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi hapa Lamu. Mwaka mzima nimekuwa nikiandika daftarini kilo zinazopita kwenye mizani yetu na fedha zilizolipwa. Wiki hii nimezijumlisha kwa mwezi nikaziingiza kwenye Excel, kwa sababu Jumamosi baada ya laasiri tuna mkutano na nataka wazee waone kwa macho lile linalosemwa barazani kila siku: kusi, yaani upepo wa kusini, ikishika, samaki huadimika na bei hupanda.

Nimechora chati ya mistari miwili. Mstari wa kilo unapanda na kushuka vizuri kabisa. Mstari wa bei umelala chini kuanzia Januari hadi Desemba, kama uzi uliodondoka sakafuni. Ami yangu, ambaye amevua tangu sijazaliwa, aliutazama akasema: "Hii yasema bei haikusonga. Tajiri mnunuzi akiiona atakushukuru." Neno hilo limeniuma, maana bei ilisonga na sote tuliiona ikisonga.

Tarakimu ni hizi. Kilo kwanza, kisha bei ya kilo moja kwa shilingi, wastani wa samaki wote:

Januari 4,100 kwa 300
Februari 4,300 kwa 290
Machi 3,900 kwa 300
Aprili 2,600 kwa 350
Mei 1,400 kwa 430
Juni 950 kwa 480
Julai 900 kwa 500
Agosti 1,200 kwa 470
Septemba 1,900 kwa 420
Oktoba 2,800 kwa 370
Novemba 3,400 kwa 330
Desemba 3,800 kwa 340

Nifanyeje bei ionekane? Natumia laptopu ya kikundi, ina Excel 2016.


Fundi_Jedwali

Wa aleikum salaam katibu. Kwanza hongera. Kuweka daftari mwaka mzima bila kuruka mwezi si kazi ndogo.

Bei yako imelala kwa sababu umeipima kwa kipimo cha kilo, ni kama kupima kitambaa kwa pishi. Chati yako ina mhimili mmoja wa wima, yaani ule mstari wa kushoto wenye tarakimu, na mhimili huo lazima uitoshe tarakimu iliyo kubwa kuliko zote. Kwako ni 4,300, kwa hiyo programu imeweka 5,000 kileleni. Tuseme chati ina kimo cha sentimita 10. Kila sentimita inabeba 500. Bei ya 300 inakaa milimita 6 kutoka chini, bei ya 500 inakaa milimita 10. Kupanda kote kwa bei tangu Januari hadi Julai kumebanwa ndani ya milimita 4. Aliyekaa kiti cha nyuma hawezi kuona kitu.

Dawa ni kuipa bei mhimili wake upande wa kulia. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya mstari wa bei, chagua "Change Series Chart Type". Kitafunguka kisanduku chenye orodha: kilo mstari wake, bei mstari wake, na mbele ya kila moja kuna kijumba cha kutia tiki chini ya maneno "Secondary Axis". Tia tiki ya bei peke yake. Hapo hapo unaweza kubadili umbo: kilo ziwe nguzo, bei ibaki mstari. Excel kuanzia ile ya 2013 ina njia hii. Zilizotangulia zilikuwa na mzunguko zaidi.

Mstari ukiwa umelala sana hadi kipanya kinashindwa kuushika, nenda kichupo cha "Format" huku chati ikiwa imechaguliwa. Juu kushoto kuna orodha ya sehemu zote za chati, chagua bei humo. Wengi hukata tamaa hapa kwa kushindwa tu kuugusa mstari.


Dada_wa_Shela

Kwa wasio na Excel: LibreOffice Calc inafanya kazi hiyo hiyo bila kulipia. Bonyeza kulia juu ya mstari wa bei, "Format Data Series", kisha kichupo cha "Options", uchague "Secondary Y axis". Kwenye Google Sheets fungua kihariri cha chati, "Customize", "Series", teua bei, halafu kwenye "Axis" weka "Right axis". Mimi huandika hesabu za nyumba ya wageni kwa Google Sheets, vitanda vilivyolaliwa upande mmoja na mapato upande wa pili, kwa njia hiyo hiyo.

Kwenye simu mtajitesa. Tafuteni kompyuta hata kama ni ya saiba, yaani duka la intaneti.


Katibu_wa_Amu

Ahsanteni sana. Nimejaribu, mambo mawili yamenikwamisha.

La kwanza, niliziweka zote mbili ziwe nguzo, kilo na bei, nikaipa bei mhimili wa kulia. Nguzo za bei zimesimama juu ya nguzo za kilo na kuzifunika, hasa Juni na Julai, kilo hazionekani kabisa.

La pili, hata nikiiondoa bei, Agosti haina nguzo ya kilo. Mwezi upo, nguzo haipo.


Dada_wa_Shela

La kwanza ni kawaida kabisa. Ukitoa mfululizo mmoja kwenye mhimili wa kushoto ukaupeleka kulia, programu huzichora nguzo za kila mhimili kama vile za mhimili mwingine hazipo, kwa hiyo zinakaa mahali pamoja. Ndiyo maana Fundi amekuambia nguzo kwa kilo, mstari kwa bei. Na ina maana yake pia: kilo ni mzigo uliojumlishwa mwezi mzima, nguzo inaubeba vizuri. Bei ni kitu kinachotembea kutoka mwezi hadi mwezi, mstari unaufuata mwendo wake.

Agosti nadhani umeandika "1,200 kg" ndani ya seli. Ukitia herufi, programu inaihesabu seli hiyo kuwa neno, haiihesabu kama tarakimu, na neno halina kimo cha kuchorwa. Acha 1200 peke yake, na neno kilo liweke kwenye kichwa cha safu. Njia ya kugundua bila kubahatisha: tarakimu halisi hujipanga upande wa kulia wa seli, maandishi hujipanga kushoto, isipokuwa kama mtu amezibadilisha mwenyewe.

Na ukiwa unachapisha kwa rangi nyeusi tupu, fanya mstari wa bei uwe wa vidoti. Kisha jina la kila mhimili uliandike kwa maneno, "Kilo kwa mwezi" kushoto na "Shilingi kwa kilo" kulia, na kama kuna rangi, jina lichukue rangi ya kitu chake. Mzee akiona 400 ajue mara moja ni kilo au ni shilingi. Chati nyingi za mihimili miwili huharibikia hapa. Mchoraji anajua, msomaji anakisia.


Katibu_wa_Amu

Ilikuwa ni "kg" kweli. Imekaa sawa, na sasa bei inapanda Mei hadi Julai waziwazi. Ami ameiona, amenyamaza, na kwake hiyo ni kusifu.

Lakini limezuka jingine. Nimeiweka kwenye kundi letu la WhatsApp. Mpwa wangu naye akachora yake kwa tarakimu hizi hizi, kwa sababu ya kwangu aliiona haijakolea. Yangu mhimili wa kilo unakwenda sifuri hadi 6,000 na wa bei sifuri hadi 600. Yake kilo ni hivyo hivyo, bei inaanzia 200 hadi 600. Kwenye yangu, mstari wa bei uko juu ya kilo kuanzia Aprili hadi Oktoba, miezi saba. Kwenye yake ni Mei hadi Septemba, miezi mitano. Sasa watu wanabishana. Mmoja ameandika, "Bei imezidi samaki miezi saba," mwingine anasema ni mitano, na kila mmoja ana chati mkononi. Yupi mkweli?


Mwalimu_Malindi

Katibu, hakuna kati yao. Hakuna mwezi hata mmoja ambao bei ilizidi samaki, kwa sababu shilingi haziwezi kuzidi kilo, kama vile saa haiwezi kuzidi maili. Pale mistari inapokatana hapatokani na bahari wala soko. Panatokana na 200 aliyoiandika mpwa wako kwenye kisanduku cha mhimili. Angeandika nyingine, ingekatana kwingine.

Nasomesha jiografia huku Malindi na naliona kosa hili kila muhula. Wanafunzi huchora mvua kwa nguzo na joto kwa mstari, mhimili wa milimita upande mmoja na wa nyuzi upande wa pili. Ni mchoro mzuri mno kwa mji wetu, unaona mara moja jinsi mvua inavyofika kileleni mwezi wa Mei huku joto likianza kupoa. Halafu mmoja ananyoosha mkono: "Mwalimu, hapa joto limekuwa sawa na mvua." Hapana, mwanangu. Hapa penseli mbili zimekutana.

Kuna mahali pamoja ninapopajua ambapo kukatana kwa mistari kuna maana, na inafaa kupaeleza ili tofauti ionekane. Wajerumani wawili, Heinrich Walter na Helmut Lieth, katika miaka ya 1960 walichapisha michoro ya tabia ya nchi wakaifunga mihimili yao kwa kanuni: nyuzi 10 za Selsiasi zikae sawasawa na milimita 20 za mvua, kila mahali, kila mchoro. Mvua ya mwezi ikishuka chini ya mstari wa joto, mwezi huo unahesabiwa kuwa mkavu kwa mimea. Mvua ikipita milimita 100, kipimo kinabanwa mara kumi ili masika isitoboe karatasi. Uwiano ule haukuwekwa na programu, uliwekwa na watu kwa hoja waliyoweza kuitetea, na wakaushika huo huo kwa vituo vyote. Sasa wewe na mpwa wako jiulizeni: ni kwa hoja gani kilo 10 zilingane na shilingi moja? Kama hakuna, basi msisome makutano. Someni kupanda na kushuka tu.

Na kuhusu kuanzia 200: kwenye chati ya mpwa wako bei ya Januari iko robo ya kimo, ya Julai iko robo tatu. Macho yanasema imekuwa mara tatu. Kweli ni kwamba imetoka 300 ikafika 500, yaani imeongezeka kwa theluthi mbili. Nguzo lazima ianzie sifuri, hapo sina mjadala, kwa sababu urefu wake ndio tarakimu yenyewe. Mstari unaweza kuanzia juu kidogo ikiwa mabadiliko ni madogo na unataka kuyachunguza, lakini mbele ya wazee ambao watatoa uamuzi kwa kutazama mara moja, mimi ningeacha sifuri pande zote mbili.


Fundi_Jedwali

Namuunga mkono mwalimu. Katibu, 6,000 na 600 ulizoziweka zina faida nyingine ambayo huenda hukuikusudia. Kushoto hatua ni 1,000, kulia hatua ni 100, pande zote ni hatua sita, kwa hiyo mistari ya mlalo inafika sawasawa kwenye tarakimu kamili kushoto na kulia. Ukiiachia programu ichague, mara nyingi kushoto zinatoka hatua tano au kumi na kulia sita, na mtu akifuata mstari wa mlalo kwenda kulia anaangukia kati ya tarakimu.


Nahodha_Mstaafu

Katibu, kijana wangu, nimewasoma nyote na nimefurahi. Nina swali la mtu wa dau.

Mnataka kuwaambia wavuvi nini? Kwamba kusi samaki ni wachache? Wanajua, wao ndio waliorudi na tenga tupu. Kwamba bei hupanda? Wanajua, wao ndio waliouza. Linalobishaniwa barazani miaka yote ni moja: je, bei ile inayopanda inafidia samaki waliopungua? Wachuuzi husema, "Nyinyi kusi mnavua kidogo lakini mnalipwa vizuri." Hilo ndilo neno. Na mafuta ya mashine hayashuki bei eti kwa kuwa ni Julai. Chati yenu hiyo ya mihimili miwili nimeitazama juu chini, jibu la swali hili silioni.


Fundi_Jedwali

Mzee wangu, umegonga penyewe. Jibu halimo kwenye chati ile kwa sababu kilo ziko kushoto, bei iko kulia, na kazi ya kuzizidisha tumemwachia mtazamaji kichwani. Hakuna awezaye.

Katibu, weka safu ya nne. Kama kilo ziko safu ya B na bei safu ya C, kwenye D2 andika =B2*C2 uburute hadi Desemba. Nimekufanyia:

Januari 1,230,000
Februari 1,247,000
Machi 1,170,000
Aprili 910,000
Mei 602,000
Juni 456,000
Julai 450,000
Agosti 564,000
Septemba 798,000
Oktoba 1,036,000
Novemba 1,122,000
Desemba 1,292,000

Julai kikundi kizima kiliingiza Sh450,000, na Januari Sh1,230,000. Bei ilipanda kwa theluthi mbili, samaki wakashuka hadi chini ya robo. Ili Julai ilipe sawa na Januari kwa kilo zile 900, bei ingebidi ifike takriban Sh1,367 kwa kilo. Ilikuwa 500. Mchuuzi anayesema mnalipwa vizuri anasema kweli kuhusu kilo moja, ila mvuvi halishi watoto kwa bei ya kilo moja.

Safu hii usiitie kwenye chati ile ile. Hakuna mhimili wa tatu, na hata ungekuwepo nisingekushauri. Chora chati mbili zenye upana mmoja, uzipange moja juu ya nyingine, miezi ikae sawa kwa sawa. Ya juu ni ile ya kilo na bei. Ya chini ni mapato peke yake, nguzo, kuanzia sifuri. Jicho linashuka kutoka Julai ya juu hadi Julai ya chini na hadithi inaisha hapo hapo.


Dada_wa_Shela

Nimeona kitu kwenye Desemba, naomba msikipite. Kutoka Novemba kwenda Desemba kilo zimeongezeka, 3,400 hadi 3,800, na bei nayo imeongezeka, 330 hadi 340. Miezi mingine karibu yote zinapishana, moja ikipanda nyingine inashuka. Hapo tu zimepanda pamoja. Na ndio mwezi uliolipa kuliko yote, kuipita hata Februari yenye samaki wengi zaidi.

Sisi wa Shela tunajua kwa nini. Mwisho wa mwaka nyumba za wageni zinajaa, kila jiko linataka nguru na kolekole kwa wakati mmoja. Kwa hiyo bei haifuati bahari peke yake. Hilo mihimili miwili imelionyesha vizuri, tuipe haki yake.


Mwanapate

Mimi natoka Kizingitini. Kabla hamjaenda mbali: katibu, bei hiyo ya wastani umeipataje? Ukichukua bei za kila siku ukazijumlisha ukagawanya kwa siku, siku ya kilo 10 inapewa uzito sawa na siku ya kilo 300, na safu ya mapato ya Fundi itakuwa si kweli.

Pili, samaki wote pamoja maana yake nini? Sisi huku tuna kamba wa miambani, bei yake haikai meza moja na ya tasi. Mwezi ambao kamba wamekuwa wengi, wastani unapanda hata kama bei ya kila samaki haikuguswa. Mtu ataiona chati aseme soko limepanda, kumbe ni tenga limebadilika.


Katibu_wa_Amu

Mwanapate, swali zuri. Wastani nimegawanya fedha zote za mwezi kwa kilo zote za mwezi, kisha nikakaribisha hadi kumi iliyo karibu. Kamba tunawapima na kuwaandika mbali, hawamo. Lakini nguru, changu na tasi wamechanganyika, na hapo umenishika. Daftari la mwaka huu halitenganishi. La mwakani litakuwa na safu tatu.


Mkulima_wa_Gede

Nami niulize, msinione nimechelewa. Nimesoma mahali kwamba unaweza kuziweka zote kwenye mhimili mmoja kwa kugeuza kila kitu kuwa 100. Hiyo ikoje? Nina mvua na magunia ya mahindi, shida ni ile ile.


Fundi_Jedwali

Hujachelewa. Unachagua mwezi wa kuanzia, tuseme Januari, unauita 100, na kila mwezi mwingine unauandika kwa kuulinganisha na huo. Kanuni ni =B2/B$2*100, ile alama ya dola inaufunga mstari wa Januari usisogee ukiburuta. Za katibu zikigeuzwa hivyo, Julai kilo zinakuwa 22 na bei inakuwa 167. Zote hazina tena kilo wala shilingi, kwa hiyo zinakaa mhimili mmoja kihalali, na hapa makutano yana maana: ni pale vitu viwili vilipobadilika sawa tangu Januari.

Hatari yake ni mwezi wa kuanzia. Ukianza na mwezi usio wa kawaida, kila kitu kitapinda. Wewe wa Gede usianze na mwezi mkavu, utagawanya kwa karibu sifuri na mvua ya Mei itatoka nje ya dunia. Kwa mkulima mwenye misimu michache, afadhali chati ya vitone: mvua ya msimu mlalo, magunia wima, kila msimu kitone kimoja. Kama vitone vinajipanga kama ngazi, umeona uhusiano bila mihimili miwili kabisa.

Kwa ajili ya kupima nguvu ya uhusiano kuna kanuni ya CORREL. Ya katibu, =CORREL(B2:B13,C2:C13), inatoa takriban -0.98, na -1 ndio mwisho wa kupishana. Lakini hiyo haikuambii nani anamsukuma nani, na Desemba ya dada wa Shela imefichwa ndani yake.


Mwalimu_Malindi

Niongeze moja kwa sababu ya alilosema Nahodha. Swali lake ni la zamani kuliko kompyuta. William Playfair wa Uskoti, yule aliyechapisha chati za nguzo na za mistari mwaka 1786, mwaka 1821 alichora bei ya ngano kwa nguzo na mshahara wa fundi kwa mstari, kuanzia mwaka 1565, vyote kwa shilingi za Kiingereza kwenye kipimo kimoja. Alitaka kuonyesha kwamba kwa kulinganisha na mshahara, ngano haijawahi kuwa rahisi kama wakati wake. Lakini ukiitazama chati, kinachokurukia ni ngano inayopanda na kushuka juu huku mshahara ukitambaa chini. Alipaswa kugawanya: fundi afanye kazi wiki ngapi apate kipimo kimoja cha ngano? Hiyo tarakimu moja ingemaliza maneno. Yeye ilimbidi agawanye, katibu imembidi azidishe. Mzee Nahodha ameliona bila kusoma kitabu.


Katibu_wa_Amu

Nduza zangu, mkutano umekwisha na nimeahidi kurudi.

Tulichapisha karatasi mbili kubwa tukazibandika ukutani, ya kilo na bei juu, ya mapato chini. Sikusema kitu kwanza. Nikawaachia wazee wasogee. Walikaa kidogo kwenye ile ya juu, wakatikisa vichwa, ndiyo, ndivyo kusi ilivyo. Kwenye ile ya chini walisimama muda mrefu. Mmoja aliweka kidole juu ya Julai akakipeleka hadi Januari, akarudi, akauliza kama ni fedha za kikundi kizima au za chombo kimoja. Nilipomwambia ni za vyombo vyote, akaketi.

Mchuuzi mmoja alikuwepo. Alisema bei yake ya Julai ilikuwa ya haki, na nilimkubalia mbele ya watu, kwa sababu mstari wa bei unamshuhudia. Kisha nikataja ile Sh1,367. Hakuna aliyemlaumu. Mazungumzo yaligeuka yakaenda kwenye barafu na kwenye mfuko wa akiba: kila chombo kitenge kiasi kuanzia Desemba hadi Machi kwa ajili ya Juni na Julai. Kiasi hakijaafikiwa. Wengine wanataka kwa kilo, wengine kwa safari.

Ami alibaki nyuma watu walipotoka. Aliniuliza kama naweza kumchapia ya chini peke yake akaitundike nyumbani.

Swali langu la mwisho. Januari inakuja na nitaanza kuingiza mwaka mpya. Nichore upya au niongeze hapo hapo?


Fundi_Jedwali

Ongeza faili hilo hilo, ila fanya jambo moja kwanza. Bonyeza kulia mhimili wa kushoto, "Format Axis", na kwenye "Bounds" andika mwenyewe 0 na 6000, hata kama ndizo zinazoonekana tayari. Kulia andika 0 na 600. Ukishaziandika kwa mkono, programu haizigusi tena. Ukiacha ijichagulie, mwakani ikipatikana Februari ya kilo 6,200 mhimili utaruka wenyewe hadi 7,000 au zaidi, na karatasi ya mwaka huu na ya mwaka ujao hazitaweza kubandikwa ukuta mmoja. Ya mapato vile vile, 0 hadi 1400000. Samaki wakizidi ukomo, utaubadilisha kwa kujua, na utazichapisha upya zote mbili.


Katibu_wa_Amu

Nimeziandika zote tatu. Na nimetenga safu za nguru, changu na tasi kwenye daftari jipya, Mwanapate.